Chochea, Hamasisha na Himiza: Maana na Matumizi ya Visawe vya Kitenzi cha Kiingereza 'Stimulate' katika Mazingira ya Kewanja, Tarime

1.0 Utangulizi

Katika kamusi za lugha mbili, kitenzi cha Kiingereza 'stimulate' kwa kawaida hufasiliwa kwa kuorodhesha vitenzi kadhaa vya Kiswahili: chochea, amsha, sisimua, himiza, tia moyo na, katika matumizi ya miongo ya karibuni, hamasisha. Orodha ya namna hiyo ina faida yake, kwani humwonyesha msomaji upana wa uwanja wa maana anaoshughulika nao. Hata hivyo, ina kasoro moja kubwa: humfanya mtumiaji adhani kuwa vitenzi hivyo vyaweza kubadilishana nafasi bila ya kuathiri maana. Dhana hiyo si sahihi. Sentensi isemayo kuwa bei nzuri imechochea kilimo ni sifa. Sentensi isemayo kuwa fulani amewachochea wakulima ni shtaka. Kitenzi ni kile kile.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali iwe hivyo, na kuonyesha athari zake kwa mfasiri, mwandishi wa taarifa, mwanasheria na mtunga kamusi. Hoja yetu kuu ni kuwa Kiingereza hutenganisha dhana ya kuamsha shughuli njema na dhana ya kuamsha shughuli ovu kwa kutumia vitenzi viwili tofauti, ilhali Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, chochea, na kuiachia yambwa kazi ya kuamua. Kwa mintarafu hiyo, mfasiri anayelitazama neno peke yake, bila ya kuitazama yambwa yake, anaweza kumgeuza mhimizaji kuwa mhalifu, au mhalifu kuwa mhimizaji.

Tumechagua kuitazama mada hii katika mazingira ya Kewanja, kijiji kilichomo katika eneo la Nyamongo, Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, karibu na Mto Mara ambao ng'ambo yake iko Wilaya ya Serengeti. Sababu ya uchaguzi huo ni kuwa hapo lugha tatu hukutana kila siku juu ya jambo moja. Kikuria, lugha ya Kibantu iliyopewa alama ya E43 katika uainishaji wa Guthrie, ni lugha ya nyumbani na ya baraza la wazee. Kiswahili ni lugha ya mkutano wa kijiji, shule, kituo cha polisi na mahakama ya mwanzo. Kiingereza ni lugha ya ripoti za mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2002 na ambao Kewanja ni mojawapo ya vijiji vinavyopakana nao. Mahali kama hapo, swali la nani "amechochea" nini haliwi swali la kamusi tu.

Mifano yote ya sentensi iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya mjadala huu, kwa kufuata miundo iliyozoeleka katika Kiswahili cha Tanzania. Haikunukuliwa kutoka kwa msemaji wala hati yoyote.

2.0 Kitenzi cha Kiingereza: Asili na Tabia Yake

Kitenzi 'stimulate' kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kilatini, ambako nomino 'stimulus' ilikuwa na maana ya mchokoo, yaani fimbo yenye ncha kali inayotumiwa kumwendesha mnyama akokotaye jembe. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili watalikumbuka neno mchokoo kutoka Kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 26, katika habari za wongofu wa Paulo. Taswira hiyo si ngeni katika Tarime. Wakuria ni wakulima na wafugaji, na kulima kwa plau linalokokotwa na maksai ni jambo la kawaida katika mashamba yao. Mtu anayewafuata maksai akiwahimiza kwa fimbo na sauti anafanya, kwa maana halisi ya Kilatini, kitendo kinachotajwa na kitenzi hicho.

Katika Kiingereza cha leo taswira ya fimbo imefifia, na kitenzi kimebaki na maana pana ya kukifanya kitu kianze kutenda, kitende zaidi, au kikue. Yambwa zake za kawaida ni uchumi, ukuaji, mahitaji ya soko, mjadala, udadisi, hamu ya chakula, neva na mzunguko wa damu. Chaweza pia kupokea yambwa ya mtu pamoja na kitenzi jina, yaani kumwamsha mtu ili atende jambo, na hapo nako maana hubaki njema au, kwa uchache, haielemei upande wowote.

Pembeni mwake Kiingereza kina kitenzi kingine, 'incite', chenye asili ya Kilatini pia, kutoka mzizi wenye maana ya kutia mwendo wa haraka. Kwa asili, vitenzi hivi viwili havitofautiani sana: kimoja huchoma, kingine huharakisha. Kwa matumizi, vimeachana kabisa. Cha pili huandamana na ghasia, chuki, uasi, vurugu na mauaji. Wanaisimu waliochunguza mikusanyo mikubwa ya matini, hasa Sinclair (1991) na Louw (1993), walionyesha kuwa neno huweza kupata rangi ya wema au ubaya kutokana na maneno linaloandamana nayo mara kwa mara, hata kama asili yake haina rangi hiyo. Vitenzi hivi ni mfano mzuri wa jambo hilo. Mzungumzaji wa Kiingereza hahitaji kuisubiri yambwa ili ajue kama anasikia sifa au lawama. Kitenzi chenyewe kimekwisha kumwambia.

Tofauti hii ndiyo inayokosekana katika kitenzi cha Kiswahili kinachotajwa mara nyingi kuwa kisawe cha kwanza.

3.0 Chochea: Kutoka Mekoni hadi Mahakamani

3.1 Maana ya msingi

Maana ya msingi ya chochea ni kusukuma kuni ndani zaidi baina ya mafiga ili moto uwake vizuri. Kitenzi hiki kina uhusiano na chocha, kuingiza kijiti au ukuni mahali penye uwazi, na si mbali, kwa umbo na kwa maana, na chokoa na chokoza. Familia nzima inabeba wazo la kitu chenye ncha kinachoingizwa ndani ya kitu kingine. Kwa hiyo mchokoo wa Kilatini na ukuni wa Kiswahili vinakaribiana: vyote viwili husukuma na kuchoma.

Hata hivyo, kuna tofauti moja ya taswira ambayo ina uzito katika mjadala wetu. Maksai achomwaye kwa mchokoo huenda anakotaka mwenye kuchoma. Nguvu ni ya mnyama, lakini uelekeo ni wa mchungaji. Moto hauko hivyo. Anayechochea moto haumbi moto, anaukuta. Makaa yapo, kuni zipo, joto lipo. Aidha, akisha kuuchochea, hautawali kikamilifu: waweza kupika ugali, waweza kuunguza nyumba. Kutokana na taswira hii, kitenzi chochea kinabeba dhana mbili zisizosemwa waziwazi: kuwa jambo linalochochewa lilikuwako tayari katika hali ya kufifia, na kuwa matokeo yake yanaweza kumzidi aliyelichochea. Dhana hizi mbili ndizo zinazokifanya kitenzi kiweze kwenda upande wa wema na upande wa ubaya kwa wepesi ule ule.

3.2 Nafasi ya yambwa

Tuitazame mifano ifuatayo:

(1) Barabara mpya imechochea biashara Kewanja.
(2) Mvua za mwaka huu zimechochea ukuaji wa mahindi.
(3) Uvumi ule ulichochea ugomvi baina ya koo mbili.
(4) Yule bwana aliwachochea vijana wa Kewanja.
(5) Yule bwana aliwachochea vijana wa Kewanja walime mtama.

Katika (1) na (2) yambwa ni shughuli au mchakato ambao jamii huuona kuwa mwema, na sentensi zinasomeka kama sifa. Katika (3) yambwa ni shughuli mbaya, na sentensi ni lawama. Mpaka hapa mtu anaweza kudai kuwa kitenzi hakina rangi yoyote, na kuwa rangi yote yatoka kwenye yambwa. Mfano wa (4) unaonyesha kuwa dai hilo halitoshi. Hapo yambwa ni watu, na shughuli yenyewe haikutajwa. Lakini msikilizaji hasiti. Anaelewa kuwa vijana walisukumwa kutenda jambo baya. Mfano wa (5) unathibitisha zaidi: kilimo cha mtama ni jambo jema, lakini sentensi inasikika kana kwamba ina kasoro, au kana kwamba kulima mtama kulikuwa kumekatazwa.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutaja kanuni ifuatayo: yambwa ya chochea inapokuwa shughuli, maana hufuata thamani ya shughuli hiyo, yambwa inapokuwa mtu, maana huwa ya lawama, isipokuwa pale muktadha unapoikanusha kwa nguvu. Kanuni hii haimo katika 'stimulate', ambacho huweza kumpokea mtu bila ya kumtia mtendaji hatiani. Hapo ndipo penye mtego. Mfasiri anayekutana na sentensi ya Kiingereza inayosema kuwa kikundi fulani kimewaamsha wanakijiji kushiriki katika mkutano, naye akatumia chochea kwa kuwa kamusi imekitanguliza, huwa amebadili taarifa kuwa tuhuma.

3.3 Majina yatokanayo na chochea

Jambo la kuvutia ni kuwa kile kilichobaki pamoja katika kitenzi kimetenganishwa katika majina yaliyonyambuliwa kutokana nacho. Jina la mtendaji, mchochezi, ni la lawama daima. Jina dhahania, uchochezi, nalo ni la lawama. Kwa upande mwingine, jina la kitu, kichocheo, halina lawama: vitabu vya sayansi vya Kiswahili hulitumia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, na wachumi husema kuwa umeme ni kichocheo cha maendeleo. Uchocheaji, lenye kiambishi tamati -ji, liko katikati. Huweza kusemwa juu ya uchumi bila ya kuleta utata mkubwa.

Mtu anaweza kudhani kuwa lawama ya mchochezi inatokana na umbo lake. Sivyo. Umbo hilo ni la kawaida katika vitenzi ambavyo mashina yake yalipoteza konsonanti l: lea hutoa mlezi, tetea hutoa mtetezi, komboa hutoa mkombozi. Majina haya yote matatu ni ya heshima. Kwa hiyo lawama imo katika neno lenyewe, si katika kiambishi.

Matokeo ya mgawanyo huu yanafaa kuelezwa waziwazi. Katika Kiswahili, kitu kinachoamsha shughuli huitwa kichocheo na husifiwa. Mtu anayeamsha shughuli, akitajwa kwa shina hilo hilo, huitwa mchochezi na hulaumiwa. Hatusemi *mchochezi wa maendeleo, wala *uchochezi wa kilimo, ila kwa mzaha. Lugha imeziachia barabara, mvua, bei na mitaji ruhusa ya kuchochea, na imemnyima binadamu ruhusa hiyo.

4.0 Vitenzi Vinavyoziba Pengo

Kwa kuwa chochea hakimfai mtu anayewaamsha wenziwe kwa wema, Kiswahili kimejipatia vitenzi vingine vya kuziba pengo hilo. Tutavitazama vile vilivyo muhimu zaidi.

4.1 Himiza

Kitenzi hiki kina uhusiano na hima, neno lenye asili ya Kiarabu lenye wazo la bidii na haraka. Kinapokea yambwa ya mtu na ya shughuli kwa usawa: kuhimiza wakulima, kuhimiza kilimo. Sifa yake kuu ni uhusiano wa madaraka baina ya mtendaji na mtendwa. Anayehimiza, kwa kawaida, yuko juu au mbele: mzazi, mwalimu, kiongozi, mzee wa ukoo. Aidha, jambo linalohimizwa huwa limekwisha kujulikana kuwa ni wajibu. Kinachotakiwa ni lifanywe upesi au kwa bidii zaidi. Ndiyo maana kitenzi hiki kilifaa sana katika lugha ya kampeni za Tanzania za miaka ya 1970, kama vile Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972 na Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo wajibu ulitangazwa kutoka juu na utekelezaji ukahimizwa vijijini.

4.2 Hamasisha

Hamasa ni neno la Kiarabu lenye maana ya ushujaa na mori, hasa wa vitani. Mkusanyo mashuhuri wa mashairi ya Kiarabu uliofanywa na Abu Tammam katika karne ya 9 ulipata jina lake kutokana na neno hilo. Kiswahili kimelichukua jina na kuliongezea kiambishi cha usababishi, likawa hamasisha, yaani kumtia mtu hamasa. Kwa kuwa hamasa hukaa moyoni mwa mtu, yambwa ya asili ya kitenzi hiki ni mtu: kuhamasisha wananchi, kuhamasisha akina mama. Matumizi yenye yambwa ya shughuli, kama kuhamasisha usafi, yameenea, lakini ni ufupisho wa kuhamasisha watu wafanye usafi. *Kuhamasisha uchumi hakukubaliki masikioni mwa wengi.

Tukilinganisha hamasisha na chochea tunaona kuwa vitenzi hivi viwili vimegawana kazi. Chochea, katika maana yake njema, hupokea shughuli. Hamasisha hupokea watu. Vikiwekwa pamoja vinakaribia kuufunika uwanja wote wa 'stimulate'. Kimoja peke yake hakitoshi.

4.3 Raghibisha, shajiisha, tia moyo na tia shime

Raghibisha hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutamani. Anayeraghibishwa hufanywa alitamani jambo mwenyewe. Kitenzi hiki kilikuwa cha kifasihi zaidi, lakini kimepata uhai mpya katika lugha ya asasi za kiraia. Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993, hutumia istilahi ya utafiti raghibishi, ambayo mara nyingi huandikwa raghbishi, kwa utafiti ambao wanajamii wenyewe huchambua hali yao na kuamua hatua za kuchukua. Shajiisha, chenye mzizi mmoja na shujaa, ni kumwondolea mtu woga. Tia moyo hulingana na kitenzi cha Kiingereza 'encourage' hata kwa taswira, kwani hicho nacho kimejengwa juu ya neno la Kifaransa la kale la moyo. Tia shime huitikia desturi ya kuitana kazini, na humchukulia mtendaji kuwa mshiriki katika kazi hiyo, si msimamizi wake.

4.4 Shawishi na sisimua

Shawishi kinakaribia chochea kwa kuwa na nyuso mbili. Mtu aweza kumshawishi mwenziwe aende shule. Lakini sheria hutaja pia kushawishi rushwa. Tofauti yake ni kuwa shawishi hufanya kazi kwa maneno na hoja, na humwachia mtendwa uamuzi. Sisimua, kwa upande wake, ni cha mwili na hisia: baridi husisimua ngozi, hadithi husisimua msomaji. Hiki ndicho kinachofaa zaidi pale 'stimulate' inapohusu neva na milango ya fahamu.

5.0 Kewanja: Pale Tofauti ya Maana Inapokuwa na Uzito

5.1 Kitu kinapochochea

Tangu mgodi uanze uzalishaji mwaka 2002, vijiji vya Nyamongo vimeshuhudia mabadiliko ambayo ripoti za Kiingereza hupenda kuyaeleza kwa kitenzi 'stimulate': biashara, ujenzi, uhamiaji. Tafsiri ya chochea katika maelezo hayo haina tatizo, kwa sababu kiima ni kitu na yambwa ni shughuli.

Mfano mmoja mzuri ni neno tegesha, ambalo katika eneo hili limepata maana mahususi. Kutegesha ni kujenga vibanda au kupanda miti na mazao harakaharaka katika ardhi inayotazamiwa kuchukuliwa na mgodi, ili kuvilipiwa fidia. Tunaweza kusema:

(6) Matarajio ya fidia yalichochea utegeshaji.

Sentensi hii inaeleza sababu na tokeo. Haimtii mtu hatiani, hata kama msemaji haupendi utegeshaji. Lakini tukibadili kiima na yambwa,

(7) Fulani aliwachochea watu wategeshe,

tunakuwa tumeondoka katika uchumi na kuingia katika jinai. Shughuli ni ile ile. Kilichobadilika ni kuwa sasa mtu amewekwa mahali pa bei na matarajio.

5.2 Mtu anapochochea

Uhusiano baina ya mgodi na majirani zake umekuwa na historia ya migogoro juu ya ardhi, fidia, maji na uingiaji wa watu katika maeneo ya mgodi. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwafyatulia risasi watu walioingia mgodini, na baadhi yao wakapoteza maisha. Mashauri yanayohusu madai ya vifo na majeraha yalifunguliwa London mwaka 2013 na kumalizwa kwa maridhiano mwaka 2015. Shauri jingine lilifunguliwa katika jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 2022. Maneno yaliyosemwa kwa Kikuria na Kiswahili kando ya Mto Mara huweza hivyo kuja kupimwa kwa Kiingereza mbele ya hakimu aliye mbali, na maneno ya Kiingereza ya mahakama hurudi kijijini kwa Kiswahili.

Katika mazingira hayo, mtu anayewaita wenziwe wakutane wajadili fidia anaweza kuelezwa kwa namna tatu:

(8) Aliwahamasisha wanakijiji wahudhurie mkutano.
(9) Aliwashawishi wanakijiji wahudhurie mkutano.
(10) Aliwachochea wanakijiji wahudhurie mkutano.

Kitendo ni kimoja. Sentensi ya (8) inamfanya raia mwema; ya (9) haitoi hukumu; ya (10) inamfanya mtuhumiwa, ijapokuwa kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji ni haki ya kila mkazi mtu mzima chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Hali kadhalika, Wakuria wana desturi ya muda mrefu ya kukutana katika iritongo, baraza la watu wote, tofauti na inchama, baraza la faragha la wazee. Kuitana na kuhimizana ili kusanyiko lijae si jambo geni wala la uasi katika utamaduni huo. Neno likichaguliwa vibaya, desturi hiyo huvishwa vazi la kosa.

5.3 Uchochezi katika lugha ya sheria

Ugumu unazidi tunapofika mahakamani, kwa sababu hapo neno moja la Kiswahili hubebeshwa makosa zaidi ya moja ya Kiingereza. Kosa la kuitia serikali chuki au dharau, ambalo lilikuwamo katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 na kisha katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, huitwa uchochezi. Kosa la kumsukuma mtu atende kosa jingine, kama vile wizi au shambulio, nalo huitwa uchochezi. Na kosa la kimataifa la kuhimiza hadharani mauaji ya kimbari, ambalo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia watu hatiani kwalo mjini Arusha, katika shauri la vyombo vya habari lililoamuliwa Desemba 2003, pia hutajwa kwa neno hilo hilo.

Makosa haya matatu hayalingani kwa uzito wala kwa viini vyake. La kwanza linahusu maneno dhidi ya mamlaka. La pili linahusu uhusiano wa mtu na kosa mahususi. La tatu linahusu uangamizaji wa watu. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kuwa vifungu kadhaa vya sheria ya mwaka 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Utata wa fasili ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa. Hata kama sheria yenyewe ingekuwa na fasili safi, neno la Kiswahili linalokusanya makosa matatu lingeendelea kuzalisha utata wa aina yake.

Suala hili limepata umuhimu mpya tangu mwaka 2021, ambapo Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza inawalazimu wafasiri wachague, kifungu kwa kifungu, neno litakalomfunga au kumwachia mtu.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, watunga kamusi, wakiwamo wa BAKITA na wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, wakifasili chochea wataje aina ya yambwa katika kila maana: moto, shughuli njema, shughuli mbaya, mtu. Maana ya nne iwekewe alama ya kuonyesha lawama.

Pili, katika kamusi za Kiingereza–Kiswahili, kitenzi 'stimulate' kigawanywe kwa kufuata yambwa. Kwa shughuli na michakato, kisawe kiwe chochea au kuza. Kwa watu, hamasisha au raghibisha. Kwa mwili na hisia, sisimua. Kitenzi 'incite' kipewe chochea pale yambwa inapokuwa mtu au jambo ovu.

Tatu, wafasiri wa sheria watenganishe makosa kwa vikundi vya maneno. Tunaweza kutumia uchochezi dhidi ya serikali kwa kosa la kwanza, kushawishi kutenda kosa kwa la pili, na kuchochea mauaji ya kimbari kwa la tatu. Vikundi hivi ni virefu, lakini urefu ni gharama ndogo ikilinganishwa na utata.

Nne, waandishi wa taarifa na makarani wanaopokea maelezo waandike kitendo kabla ya kuandika jina lake. "Aliwaambia watu waje mkutanoni saa nne" ni taarifa. "Aliwachochea watu" ni hukumu iliyotangulia ushahidi. Aliyetoa maelezo kwa Kikuria ana haki ya kuona kitendo chake kikiandikwa kabla ya mfasiri kukipa rangi.

7.0 Hitimisho

Tumeona kuwa 'stimulate' na chochea vinafanana katika asili, kwani vyote viwili vyatokana na kitu chenye ncha kinachosukuma, lakini vinatofautiana katika tabia. Kiingereza kimeweka lawama katika kitenzi kingine. Kiswahili kimeiweka katika yambwa ya mtu na katika majina mchochezi na uchochezi. Hamasisha, raghibisha na himiza vimekuja kumpa binadamu nafasi ambayo chochea kilimnyima.

Inafaa tumalizie kwa kurejea kwenye mafiga. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Neno mchochezi humnyooshea kidole mtu aliyeshika ukuni, lakini taswira yake yenyewe inakiri kuwa makaa yalikuwako kabla hajafika. Anayelitumia juu ya mtu wa Kewanja, au wa mahali pengine popote, huwa amekubali, bila ya kukusudia, kuwa kuna jambo lililokuwa likiwaka chini ya majivu. Ni kazi ya mchunguzi kuuliza jambo hilo ni lipi, na ni kazi ya mwanaisimu kuhakikisha kuwa neno lililochaguliwa halilifuti swali hilo kabla halijaulizwa.